Jina la Mwisho Mtumbwini

Jamani, Eliakunda hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Miaka tisa ya kuhudumia wazee Minnesota, Marekani, maiti wangapi amewafumba macho! Jioni ile ya Januari alipitia Roseville kumpa Bibi Nohea dawa tu, kisha awahi nyumbani kwake Fridley, ambako bintiye Fiona alikuwa peke yake.

Bibi alizaliwa Hawaii. Kila jioni aliutaja ukoo wake: kwanza waliofika kwa mtumbwi wakifuata nyota, visiwa vikiwa havina mtu; kisha waliolima magimbi; kisha wajukuu waliojenga mahekalu ya mawe, wakawa machifu ambao ukikanyaga kivuli chao, umekufa. Majina mia moja. Aliishia kwa mama yake mzazi, basi. Kwa kuyasikia miaka miwili, Eliakunda alikuwa ameyashika yote.

"Leo sina pumzi," Bibi alinong'ona. "Nitajie wewe, mwanangu. Mwisho uniweke mimi. Jina jipya la mwisho ndilo wahenga wa mtumbwini wanalokuja kulichukua. Nimechoka."

Eliakunda akaanza. Alipofika kwa machifu, chumba kikanuka bahari. Bahari gani, na nje ni barafu tupu?

Chwa... chwa... chwa...

Makasia! Yalipiga maji chini ya dirisha, na wao wako ghorofa ya tatu.

Nywele zikamsimama. Akaenda hivyo hivyo hadi mama yake Bibi, akakwama. Amtaje mtu aliye hai katikati ya wafu? Kwao Moshi huo ni uchuro, na bibi huyu alimpenda kama mama.

"Nitaje," Bibi alisihi. "Wamefika."

"Siwezi, Bibi. Siwezi kukuua kwa mdomo wangu."

Makasia yakanyamaza.

Simu ikalia mfukoni. Akaipokea bila kufikiri, kama kila jioni.

"Fiona, mwanangu?"

Bibi akapiga yowe.

Chwa! Chwa! Makasia yakaondoka mbio.

"Mama..." Sauti ndogo simuni. "Kuna watu mlangoni. Wanajua jina langu."

"Usifungue!"

Kisha akasikia maji.

Polisi walikuta mlango wazi na zulia limelowa maji ya chumvi. Zaidi ya hapo hawakujua kitu, hata leo.

Bibi Nohea bado yu hai. Kila jioni Eliakunda hukaa kitandani pake, akayataja majina yote mia, halafu la Fiona, halafu lake mwenyewe.

Hulitaja kwa sauti, mara tatu. Hakuna anayekuja.