Nilimrudishia Mheshimiwa Kura Yake, Akaniita Mwizi

Wembe ulikuwa shingoni mwa mteja wangu wakati video yenye sura yangu ilipotokea kwenye simu yake.

Chini ya sura pameandikwa kwa herufi nyekundu: HUYU NDIYE ALIYEIBA KURA ZETU. ANAYEMJUA ATUONYESHE ANAPOKAA.

Mteja akatazama simu.

Akanitazama mimi kwenye kioo.

Akarudi kwenye simu...

"Kidevu," akasema polepole, hata mate hamezi, "huyu si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi ndugu yangu... naomba uondoe hicho kitu shingoni kwangu. Taratibu."

Jamani! Anayetafutwa ni mimi, anayetetemeka ni yeye!

Akainuka na povu lake, upande mmoja umenyolewa, upande mwingine msitu, akatoka mbio na kitambaa changu shingoni. Kama yumo humu anasoma, kitambaa nakidai.

Nikaicheza ile video kwenye simu yangu. Haina sauti. Ni mimi kituoni, mkono wangu unatoa karatasi kwenye fungu la kura, unainuka... halafu inakatika mkono ukiwa hewani.

Niliirudia mara nyingi, lakini sikuwa nautazama mkono tena. Nilikuwa natazama imepigwa kutokea wapi.

Ilipigwa kutoka benchi la mawakala. Pale alipokaa shemeji yangu.

Mume wa dada yangu wa kuzaliwa naye!

Ngoja niwaeleze, maana najua wengine humu mlishanitukana kabla hamjaniuliza.

Mimi ni kinyozi. Mtaani wananiita Kidevu, kwa sababu nanyoa ndevu za watu wote na zangu hazijawahi kuota hata moja. Cheka, nimezoea.

Uchaguzi ulipokaribia, tume ilitangaza inataka makarani wa vituo, watu waliomaliza sekondari na wenye sauti ya kusikika. Vyeti tunavyo wengi. Sauti kama yangu, mama anasema ni adhabu. Nikaomba, nikapata.

Kwenye kuhesabu kazi yangu ilikuwa hii: natoa karatasi kwenye sanduku, nainyanyua juu mawakala wa pande zote waione, nataja jina, naiweka kwenye fungu lake. Kushoto kura za Mheshimiwa, mbunge wetu aliyekuwa anatetea kiti. Kulia za mpinzani wake, daktari wa mifugo. Katikati zilizoharibika.

Aliyesimamia kituo alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule ile ile tuliyopigia kura. Mama mtu mzima, mpole, lakini akikutazama juu ya miwani unakumbuka kazi ya nyumbani hujafanya.

Tulipokuwa tunataka kufunga mafungu kwa mpira, shemeji akaruka. Yeye ndiye alikuwa wakala wa Mheshimiwa.

"Subiri kwanza! Hiyo ya juu ni yetu, imeingia kwa wenzetu!"

Mwalimu akashusha miwani, akatazama.

"Kweli. Kidevu, irudishe kwa mwenyewe."

Nikaitoa kulia, nikaiweka kushoto. Wakala wa daktari hakupinga. Wote wakasaini, matokeo yakabandikwa mlangoni, tukatawanyika.

Mmenielewa? Ile kura ninayoitiwa mwizi... nilikuwa nampa Mheshimiwa! Nampa, simnyang'anyi!

Lakini Mheshimiwa alikuwa ameshindwa kwa kura kiduchu jimbo zima. Akienda mahakamani, kituo chetu kikafutwa, yeye ndiye mshindi. Kwa hiyo palihitajika mwizi. Nikapatikana mimi.

Nilifunga saluni mchana ule ule, moja kwa moja hadi kwa dada. Nikamkuta shemeji sebuleni, amekaa na simu mpya. Mpya kabisa, hata ile plastiki ya kiooni hajaibandua.

"Shem, video umepiga wewe?"

"Karibu kwanza. Umekula?"

"Shem!"

"Nilipiga kama kumbukumbu tu. Waliokata ni wakubwa."

"Basi toa ile nzima, watu waone karatasi ilikwenda wapi."

"Simu ile waliichukua. Wakanipa hii."

"Lakini wewe ndiye uliyesema irudishwe! Sema hivyo hivyo!"

Akanitazama kama mteja anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Mimi nilikuwa nimekaa mbali, shem. Kwa kweli sikumbuki."

Hakumbuki! Mtu anayekumbuka nani alikula paja la kuku kwenye harusi yake!

Dada alitokea jikoni, mikono ina maji, macho yana machozi.

"Mdogo wangu, wanataka useme kitu kimoja tu. Useme Mwalimu ndiye alikuamrisha uzihamishe. Yeye ni mtu mzima, keshaishi. Wewe bado kijana."

"Kwa hiyo Mwalimu afungwe?"

"Sikusema afungwe."

"Sasa ukisema mtu kaiba kura, dada, anapelekwa matembezi?"

Shemeji akaanza kubandua ile plastiki ya simu, polepole, kama vile hatupo.

Kuanzia hapo, maisha yakawa noma.

Simu zikaanza. Namba nisizozijua, sauti nisizozijua. "Mwizi." "Msaliti." "Tunajua mama yako anatoka saa ngapi." Wengine wanatukana kwa makosa ya tahajia hadi nataka kuwasahihisha kwanza ndipo niogope.

Mlango wa nyumbani ukapakwa rangi nyekundu: MWIZI. Mama akaisugua kwa brashi na sabuni. Kesho yake ikarudi. Akaisugua tena. Ikarudi tena.

"Wangeniuliza tu," mama akasema, amepiga magoti pale mlangoni, mikono imemchubuka. "Ningewachagulia rangi inayoendana na mapazia."

Nilicheka. Na yeye akacheka. Halafu niligundua kwamba mimi peke yangu ndiye bado nacheka... yeye ameshika brashi, analia.

Saluni ilibaki mimi na redio. Halafu siku moja akaja mtu. Suti nzuri, tai nyembamba, kichwa kipara kabisa. Nikajua huyu hajaja kunyolewa.

Akakaa kwenye kiti. Akanishika mkono wa kulia, akaugeuzageuza kama anaununua sokoni.

"Mkono huu ndio unakulisha?"

"Huo na mwenzake, mzee."

"Una utani. Nimeambiwa." Akatoa karatasi yenye kiapo kilichokwishaandikwa. "Hapa panasema Mwalimu alikuamuru. Weka sahihi. Utapata saluni yenye viti vya kuzunguka na kiyoyozi."

"Na nisiposaini?"

Aliendelea tu kuushika mkono, akaubana... akaubana... mpaka mifupa ikalia.

"Kijana, kinyozi bila mkono anafanya kazi gani?"

Nisiwadanganye, niliogopa. Lakini nilimkumbuka Mwalimu anavyotazama juu ya miwani, nikaona bora huyu kipara kuliko macho yale.

"Mzee," nikamwambia, "Mwalimu hakuamuru wizi. Wakala wenu aliomba, Mwalimu akakubali, mimi nikarudisha. Kura ni yenu. Mnashtaki mtu kwa kuwapa haki yenu?"

Akauachia mkono. Akakunja karatasi yake.

"Tutaonana mahakamani."

Usiku usingizi sikupata, mchana wateja sikupata. Lakini moyoni nilikuwa na kitu kimoja cha kushikilia: Mwalimu yupo. Siku ya kesi atasimama, atasema alichokiona, na dunia nzima itanyamaza.

Siku ikafika.

Mahakama imejaa mpaka madirishani. Mheshimiwa amekaa mbele, anatabasamu kama bwana harusi. Mama amekaa nyuma, kilemba chake cha sherehe kichwani. Kwa nini alivaa cha sherehe, hata sijui. Labda alitarajia tutashinda.

Wakala wa daktari alisema ukweli, lakini nani anamwamini wakala wa mshindi? Shemeji akasema hakumbuki, akalisema vizuri, kwa heshima zote. Nikapanda mimi.

"Karatasi hiyo uliihamishia fungu la nani?" wakili wa Mheshimiwa akaniuliza.

"La mteja wako."

Watu wakacheka. Jaji akagonga meza.

"Una ushahidi gani?"

"Aliyesimamia kituo yupo hapa. Muulizeni Mwalimu."

Nililisema kwa kujiamini! Nikamtazama, nikamtabasamia kabisa!

Mwalimu akaitwa. Akavua miwani. Akaishika mkononi, wala hakuivaa tena.

"Mimi sikutoa amri yoyote," akasema. "Nilimwona huyu kijana akihamisha karatasi... kwa hiari yake. Nilikwisha kuapa hivyo kwa maandishi."

...

Kumbe yule kipara alipotoka kwangu alikwenda kwake.

Sikusikia kilichofuata. Niliona tu midomo ya watu ikitembea. Nyuma kule mama alisimama, akakaa, akasimama tena.

Jaji alipoahirisha nilimkuta Mwalimu kwenye korido, ameegemea ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alishtuka. Hakutegemea salamu.

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Walinionyesha picha ya mjukuu wangu anaingia darasani. Imepigwa asubuhi ile ile."

"Na mimi walinionyesha mkono wangu, Mwalimu."

Akainamisha macho. Nimekaa na yule mama darasani tangu nikiwa mdogo, sijawahi kumwona akiinamisha macho mbele ya mwanafunzi.

Nilitaka kumchukia, kwa kweli nilitaka. Lakini kila nikijaribu namwona yule mtoto na mkoba wake mgongoni.

Basi, jaji hakuamini video, wala mimi, wala Mwalimu, wala shemeji. Akaamuru sanduku lifunguliwe, kura zihesabiwe upya mbele ya wote.

Zikahesabiwa.

Za daktari: zile zile.

Za Mheshimiwa: zile zile... isipokuwa moja. Alama yake ilikuwa imepigwa kwenye viboksi viwili. Jaji akaitazama, akaipeleka kwenye zilizoharibika.

Mtu alikuja kudai ushindi, akaondoka amepungukiwa kura moja! Sijui kama ni ile ile niliyomrudishia, lakini napenda sana kuamini ni ile ile.

Kesi ikatupwa. Daktari akabaki mbunge. Mama akanikumbatia mpaka kilemba kikadondoka. Na mimi nikadhani yamekwisha.

Mnadhani kuna aliyeniomba radhi?

Hukumu ya jaji niliiweka hapa hapa, kwenye ukurasa huu huu. Aliyeipenda alikuwa mama peke yake, na nilipomuuliza akasema alibonyeza kwa bahati mbaya. Ile video bado inazunguka. Bado kuna mtaa sipiti.

Mwalimu aliandika barua, akajiuzulu kazi za tume. Siku hizi akiniona anavuka barabara.

Halafu juzi nikapigiwa simu kutoka ofisi ya tume.

"Uchaguzi wa madiwani unakuja. Kituo chenu hakina msimamizi. Wewe kazi unaijua na mahakama imekusafisha. Uko tayari?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anapika, lakini mwiko ulisimama. Macho yake yalikwenda mlangoni, kwenye lile doa jekundu ambalo halikutoka kabisa.

Nikamtazama. Nikautazama mkono wangu.

"Hapana, ahsante. Tafuteni mwingine."

"Hakuna shida. Yupo mmoja aliyekwisha kuomba, tulikuwa tunakupa wewe nafasi ya kwanza."

Nikakata simu. Nilihisi mwepesi, nisiwafiche. Nililala kama mtoto.

Leo asubuhi dada kanipigia, furaha tupu.

"Mdogo wangu! Shemeji yako kapata kazi tume! Kawa msimamizi wa kituo chetu!"

"...Shemeji yupi?"

"Unao wangapi? Huyu huyu!"

"Dada, si wakala wa Mheshimiwa yule? Si ana kadi ya chama?"

"Aliirudisha wiki iliyopita. Sasa hana upande."

Hana upande!

Nimekaa saluni tangu hapo, mashine imezimwa, nawaandikia ninyi. Siku zote nilidhani wale watu walikuwa wanatafuta kura. Kura walizikosa, kesi waliikosa, na hawakulia hata kidogo. Sasa najua ni kwa nini. Kelele zote zile, rangi, matusi, picha ya mtoto wa watu, zilikuwa za kuwachosha watu wanaokaa kwenye kile kiti, mpaka siku moja kibaki wazi.

Kesi walishindwa. Kiti wamekipata.

Ukiona mtu anamtukana karani wa kura, usikimbilie kubonyeza "sambaza". Muulize kwanza mwanzo wa video uko wapi. Mimi hamkuniuliza.

Na siku ya kupiga kura mkifika kituoni kwetu, mtapokewa na shemeji. Msalimieni vizuri. Kiti kile tulimpisha sote: ninyi kwa kusambaza, mimi kwa kuogopa.