Shimo la Kiwiko

Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa amebakiwa na debe moja tu la mbegu. Likiharibika, wanawe hawana cha kula mpaka mwakani. Kwa hiyo siku ile sisimizi walipoanza kukwea ukuta wakiwa wamebeba mayai, na vyura wakapiga kelele mchana kweupe, hakukimbilia jembe kama wenzake.

"Shemeji, unangoja nini?" mdogo wa marehemu mumewe alimtania. "Mvua ikuandikie barua?"

"Nangoja shimo."

Shimo lilikuwa kipimo cha baba mkwe wake, aliyefariki baada ya mavuno. Mzee alikuwa akichimba shambani, kina cha kiwiko, jua la utosi, kisha anatumbukiza mkono. Vidole vikihisi baridi, panda. Vikihisi joto, subiri. Hakuwahi kukosea, na hakumfundisha mwingine ila mkamwana wake huyu.

Akachimba. Akapiga magoti, akaingiza mkono. Baridi! Moyo ukamtulia. Kisha vidole vingine vikamshika kiganja, taratibu, kama mtu anayesalimia.

"Bado," sauti ikanong'ona chini ya udongo.

Aliogopa, lakini alilia kwa furaha pia. Baba hajatutupa, akajiambia. Akafunga debe lake, akaliweka uvunguni. Shemeji na majirani wakapanda, na jua likawakaushia miche yote.

Baada ya hapo nani angemwambia kitu? Mvua ya kweli ikaja. Majirani wakaazimana mbegu, wakapanda upya. Yeye kila mchana alilala kifudifudi kwenye matope, mkono shimoni.

"Baba, nipande?"

"Bado."

Siku ya tano, bado. Siku ya tisa, bado. Watoto wakaacha kumuuliza.

Siku ya kumi na mbili, sijui kwa nini, akavihesabu vile vidole. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne.

Vitano.

Mkono wa mzee ulibaki na vidole vitatu tangu ajali ya mashine ya kukoboa.

Akajichomoa. Akakimbia. Akalivuta debe uvunguni, akafungua.

Hakukuwa na punje hata moja. Lilijaa udongo mbichi, na juu yake alama ya kiganja. Akaweka kiganja chake juu ya alama ile, akiomba kisilingane.

Kililingana, kidole kwa kidole, kana kwamba aliyekuwa akimshika shimoni ni yeye mwenyewe. Nje, mvua ilikuwa inakatika.