Fundi Aliyejifungia Nje

"We wa juu! Unataka kuniua bado sijaolewa?"

Spana ilikuwa imedondoka kutoka kwenye mlingoti na kutua karibu kabisa na viatu vyekundu vya Apondi. Mwaka ulikuwa 2005, pale mpakani Namanga, malori yakinguruma foleni nzima, mama wa shanga wakivuta wateja, vumbi likiingia mpaka kwenye meno.

"Pole, madam! Haikuwa inakutafuta wewe."

"Ilikuwa inamtafuta nani?"

"Mtu asiye mrembo. Imepotea njia."

Apondi aliokota spana, akaifuta kwa kitambaa, akaingia nayo ofisini. Fundi alilazimika kushuka kuifuata. Hivyo ndivyo Nzioka wa Kitengela alivyoingia katika ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo mpakani, na katika maisha ya karani wao.

Alikuwa amekuja kufunga kisanduku cha kupokea intaneti hewani. Waya wa simu ofisi hiyo iliahidiwa kila kampeni. Nguzo zilifika, waya ukaliwa na wakubwa njiani. Kwa hivyo watu wadogo wakatafuta njia yao angani.

Nzioka aliporudi Kitengela, alikuwa akikiingilia kile kisanduku kutoka huko kwa kuandika maneno kwenye skrini nyeusi. Hakina picha, hakina cha kubofya; unakiamuru, kinatii. Na kwa kuwa kredito ya simu ilikuwa ghali, yeye na Apondi wakawa wanaongea kwa kompyuta, vifaa masikioni, sauti zao zikipita kwenye laini ile ile ya kisanduku.

"Malkia wa mpaka, umekula?"

"Nimekula samaki. Wewe endelea na ugali yako kavu."

"Si kavu. Nikikufikiria mate yanaitosha."

"Aki wewe!"

Jumanne moja mchana sauti ya Apondi haikuwa na mzaha.

"Nzioka, baba amepiga. Kuna mwalimu wa huko nyumbani anataka kuleta wazee Jumamosi. Baba ameuliza kama niko na mtu. Leo anataka jibu. Nimwambie nini?"

Nzioka alikuwa na sikio moja kwake na mkono mmoja kwenye kazi. Bosi wake alikuwa ametaka anwani ya kile kisanduku ibadilishwe saa hiyo hiyo. Kungoja ofisi ifungwe, bosi hakutaka kusikia. Fundi akaandika *ifconfig ath0 down*, aishushe laini, abadilishe anwani, aipandishe tena. Akabonyeza. Akafungua mdomo aseme, "Mwambie uko na mimi."

Kimya.

Alikuwa ameshusha laini aliyokuwa ameingilia. Ni kama mtu aliyeteremka kisimani kisha akaivuta kamba yake mwenyewe.

Huko Namanga, Apondi alivua vifaa masikioni polepole. "Nimemuuliza neno moja, amenikatia."

Simu yake ya mkononi ikalia. Akaiangalia tu. Ikaja meseji: *Si mimi, ni laini.* Akacheka kwa uchungu. "Laini! Kila mwanaume wa Kenya ana laini mbaya." Akaizima.

Bosi mwenye magari matatu alisema hakuna gari la kwenda Namanga. Nzioka akapanda lori la simiti, juu ya mifuko. Alifika mweupe kuanzia nywele hadi viatu, macho tu yakionekana. Madereva walikuwa wakigonga kaunta, karatasi zao haziendi bila intaneti. Apondi, katika gauni la kijani na nywele zake mpya alizosuka, hakuinua kichwa.

"Mashine iko hapo. Tengeneza uende."

"Nimekuja na jibu."

"Jibu ulinipa. Ulinikatia."

"Nilijikatia mimi, mpenzi. Nilifunga laini nikiwa ndani yake. Nikabaki nje na jibu mdomoni."

"Ati mwenyewe?"

Kisemei, askari wa lango, akaangua kicheko. "Fundi mzima! Hata ndama wangu hajifungii nje ya boma."

Apondi alijikaza asicheke, akashindwa. "Sasa inafunguliwa aje?"

"Chomoa hiyo waya ya stima, urudishe. Yale niliandika sikuwa nimeyasevu. Ikizimwa inayasahau, inarudi vile ilikuwa asubuhi."

Apondi akachomoa. Taa ya kijani ikafa. Akarudisha. Wako watu wanaokijua kimya ambacho hakuna waya wa kukichomoa. Hiki, kwa bahati, kilikuwa cha kutengenezwa. Taa ikapepesa, ikawaka, na madereva wakapiga makofi.

"Yenyewe imesahau," Apondi akasema. "Mimi bado."

"Basi niulize tena."

Apondi akamgeukia. "Baba ameuliza kama niko na mtu. Nimwambie nini?"

"Mwambie uko na fundi mmoja mjinga wa Kitengela. Anakuja Jumamosi na wajomba zake, na huyo mwalimu atawapata wameshakaa."

Apondi akatoa kitambaa, kile kile cha spana, akamfuta simiti usoni. "Hiyo sasa uisevu. Unajua stima ya hapa."

Hata hakumaliza. Stima ikapotea, kama kawaida ya hao wanaotulipisha giza. Iliporudi, Nzioka alikuwa palepale, mkono wa Apondi ndani ya wake, na jibu lilikuwa lile lile.