Mibono Ishirini na Mitatu

Asubuhi ile Kasmiri alihesabu hatua kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye mbono wa mwisho wa mpaka, akapata arobaini. Jana yake zilikuwa hamsini. Alirudi mlangoni, akahesabu tena taratibu, kwa miguu ileile iliyopima mpaka wa msitu wa serikali kutoka Kisawasawa hadi karibu na Lumemo. Arobaini. Akajiambia amekosea hesabu. Kwa kujidanganya alikuwa hodari kuliko hata kwa kupima.

Ulikuwa mwaka wa nne tangu vita vya Maji Maji vizimwe. Wadachi walikuwa wametangaza kwamba msitu wa chini ya milima ni wa kuhifadhiwa: hakuna kulima, hakuna kuwinda, hakuna kuwasha moto. Kasmiri ndiye aliyekuwa nyapara wa walinzi, na chini yake walikuwapo watu wawili, Tadei mshika kamba ya kupimia na Evaristo mchimba mashimo. Nyumba iliyokutwa ndani ya mpaka ilivunjwa. Kasmiri mwenyewe alikwisha kuvunja saba, moja ikiwa ya mjane aliyemlaani mpaka sauti ikamkauka.

Mpaka ulitakiwa kuwekewa alama ya miti hai. Bwana Msitu alikuwa njiani kutoka Mahenge kuja kuukagua, na kipande kilichopita karibu na nyumba ya nyapara kilikuwa bado kitupu. Kasmiri akamwambia Evaristo atafute miche popote. Evaristo, mgeni wa Kilosa, akarudi jioni na mibono ishirini na mitatu, imara, yenye mizizi. Alisema ameikuta katikati ya msitu, imejipanga mstari mmoja. Mtu yeyote wa bonde lile angeuliza, maana mbono hauoti wenyewe msituni. Bondeni kwao hupandwa kichwani mwa kaburi. Tadei angeuliza, ila siku hiyo alikuwa amelala na homa. Kasmiri alikuwa mzima wa afya, na hakuuliza. Ikapandwa.

Siku ile ya hatua arobaini, jua liliposimama utosini, Tadei aliiacha kamba ikaanguka.

"Nyapara," alinong'ona, "unasikia kinu?"

Twi. Twi. Twi. Mchi ulikuwa unapiga polepole, kama wa mtu aliyechoka.

"Wanawake wanatwanga," Kasmiri akasema.

"Wanatwangia wapi? Huku hakuna nyumba. Ulizivunja mwenyewe."

Wakasikiliza. Sauti haikutoka mbele wala nyuma. Ilitoka chini ya nyayo zao. Kisha ikaja harufu ya mpunga unaoungua, nzito, yenye kukaba koo, na hapakuwa na moshi popote.  Kasmiri aliijua harufu ile.

Nyumbani alimkuta mkewe, Yosefina, mja mzito wa miezi sita, ameketi kizingitini akijikwangua udongo miguuni kwa kigae.

"Nimenawa mara tatu," Yosefina alisema. "Udongo unarudi. Na miguu imekuwa mizito, mume wangu, kuinyanyua mpaka niishike kwa mikono." Akainua macho kuelekea mpakani. "Ile mibono mmeitoa wapi?"

"Msituni."

Yosefina aliweka kigae chini.

"Ile niliipanda mimi," akasema. "Nilikwambia tulijificha mle wakati wa vita. Tulikuwa ishirini na wanne pamoja nami, mama na kaka zangu wote wakiwemo. Mtu akawaonyesha askari shimo letu la kufichia mpunga, wakalichoma, wakatuacha hai ili njaa imalize kazi. Mimi nilikuwa nikichimba ming'oko, viazi vya mwitu, bondeni, ndiyo iliyoniokoa. Niliwazika mmoja mmoja. Kila mmoja nikampandia mbono, nikawa naimwagilia kila siku kwa kata, mpaka ikashika."

Kasmiri aliijua habari ile yote, na kipande kimoja zaidi asichokijua Yosefina. Mtu huyo alikuwa yeye. Alikuwa na siku tano hajala, askari wakampa kibaba cha mchele, akatangulia mbele kuwaonyesha njia. Baadaye alimwona Yosefina akitoka msituni amebaki mifupa, akamhurumia, akamwoa, akampenda. Alimpenda kwelikweli, na ndiyo maana hakuthubutu kumwambia.

Kesho yake hatua zilikuwa ishirini na tano. Kasmiri akaamuru mibono ing'olewe irudishwe ilikotoka. Evaristo alichimba mpaka mkono ukazama begani, akakuta mizizi yote imeelekea upande mmoja, kwenye nyumba ya nyapara. Alilitupa jembe, akashika njia ya Kilosa, hata kuaga hakuaga.

Ndipo Tadei akamleta Bibi Serafina, mganga. Mapadri walikuwa wamembatiza na kumpa jina hilo zuri, ila tunguri zake hakuziacha. Alikaa uani, akavuta hewa puani, akaweka kiganja ardhini.

"Wafu wako wamelala, mjukuu wangu," alimwambia Yosefina. "Hili ni jini. Ulipokuwa unalia peke yako mle ndani, lilikusikia, likajitwika kuyalinda makaburi yale." Akamgeukia Kasmiri. "Ni mlinzi wa msitu kama wewe, nyapara. Tena huyu kazi yake anaifanya."

"Linataka nini?" Kasmiri aliuliza.

"Mmeuvuruga mstari wake, sasa linaupanga upya, na limeona mstari una pengo la mmoja. Walioingia walikuwa ishirini na wanne. Litamchukua aliyebaki, au litamchukua aliyewaonyesha askari njia. Huyo asimame mwisho wa mstari saa sita mchana, aseme kwa kinywa chake. Likimpata huyo, huyu binti litamwacha."

"Bibi, ni nani aliyewaonyesha?" Yosefina akauliza.

Bibi Serafina aliinua macho. Alimtazama Kasmiri.

"Mimi nilisikia ni Nikodemu," Kasmiri akasema upesi. "Yule aliyekufa maji pale Kivukoni. Mungu amrehemu."

Bibi Serafina akakusanya tunguri zake moja moja, akaondoka.

Siku iliyofuata Kasmiri hakuwa na cha kuhesabu. Mibono ilikuwa imeizunguka nyumba, karibu kiasi kwamba majani yake yaligusa ukuta, na jua lilipofika utosini mchi ukaanza kupiga, si mmoja sasa bali michi mingi kwa pamoja, chini ya sakafu, chini ya kitanda, chini ya mafiga, na harufu ya mpunga unaoungua ikajaa chumbani hata macho yakamtoka machozi, na katikati ya yote hayo akasikia jina lake likiitwa kwa sauti ndogo, akageuka, akamwona Yosefina amesimama wima katikati ya chumba, mikono tumboni, miguu imezama sakafuni mpaka vifundoni na bado inazama, na mdomo wake unasema, "Kasmiri, mtoto wangu, Kasmiri, mtoto wangu," wala hakuna jingine aliloweza kusema.

Alimvuta. Ilikuwa sawa na kuvuta nguzo. Basi akatoka mbio mpaka mwisho wa mstari, penye nafasi moja iliyoachwa, akasimama hapo, akapiga kelele mpaka Tadei aliyekuwa mbali akasikia.

"Nikodemu nimemsingizia! Ni mimi! Mimi ndiye niliyewapeleka askari kwenye shimo la mpunga! Kwa kibaba cha mchele! Mwache mke wangu, ni mimi!"

Michi ikanyamaza. Harufu ikakatika. Mlangoni akatokea Yosefina, anatembea, miguu yake miepesi, na Kasmiri akalia kwa furaha. Alitaka kumkimbilia. Mguu wa kulia haukunyanyuka. Akajaribu wa kushoto. Alipotazama chini hakuona vidole vyake, aliona udongo tu, na baridi ilikuwa inampanda magotini.

"Yosefina," akaita. "Nisaidie, mke wangu."

Yosefina alimtazama. Hakulia, hakumtukana. Alirudi ndani, akatoka na kata imejaa maji ya mtungini, akaja akapiga magoti mbele yake.

"Nakusaidia," akasema. "Mbono mchanga usipomwagiliwa hufa."

Akamimina polepole, akizunguka shina lote, kama alivyowafanyia wale wengine. Na Kasmiri, aliyekuwa hajanywa maji tangu asubuhi, akasikia kiu yake ikikatika kuanzia chini.