Saa ya Mkononi mwa Eleuterio

Siku mume wangu Eleuterio alipofariki, maji ya kahawa yalikuwa yakichemka jikoni. Yeye alikuwa kitandani, ameegemea mto, akipiga charango, gitaa lake dogo. Wimbo ukakatika katikati.

"Mzee wangu, umesinzia tena?"

Nilipomfikia, charango ilikuwa imemlalia kifuani.

Moyo wake uliharibiwa na ugonjwa wa vinchuca, mdudu anayejificha kwenye kuta za udongo na kuuma watu usingizini. Hapa katika bonde la Cochabamba wengi tunao ugonjwa huo. Madaktari wa mjini walikuwa wakijaribu dawa mpya ya moyo. Walimpa vidonge na saa ya mkononi. Saa ilihesabu hatua zake na kuwatumia hesabu hiyo. Mgonjwa akitembea zaidi, walisema, ni dalili kwamba dawa inamsaidia.

Walimfunga saa mkono wa kushoto. Lakini huo ndio mkono wa kubana nyuzi, na saa ilimkwaza. Akaihamishia mkono wa kulia, ule wa kupiga.

Tuliporudi kliniki, daktari alitazama kompyuta akacheka.

"Mzee Eleuterio, unawashinda vijana kwa kutembea! Dansi unachezea wapi?"

"Dansi? Daktari, hata chooni nashikwa mkono na mama huyu."

"Acha utani, mzee. Saa haisemi uongo."

Akapewa tena vidonge vilevile, kana kwamba vinamsaidia. Tukarudi nyumbani, yeye akipumzika kila kona.

Baada ya mazishi alikuja Delfina, muuguzi wa zahanati yetu. Nilimweleza yote. Akaivaa ile saa mkono wa kulia, akaketi, akaanza kupiga charango ovyo.

"Hilaria, hebu tazama."

Kwenye saa hatua zilikuwa zikiongezeka, naye amekaa kitini.

"Kumbe mume wangu alikuwa akitembea kitandani," nikasema.

"Saa inahisi mkono tu. Miguu haiioni. Kabla ya kuitegemea kuamua kama dawa inafaa, ilipaswa kupimwa kwa watu wa hapa, na kazi zao, na ngoma zao. Mgonjwa naye aambiwe: ukihamisha kifaa, sema. Na akisema anaumwa, asikilizwe yeye kwanza."

"Mbona hatukuambiwa?"

Delfina akainama. "Hakuna aliyewaambia, dada."

Tulikwenda pamoja kwenye ofisi inayosimamia dawa. Ilichukua muda mrefu, nami nililia mbele ya watu nisiowajua. Mwishowe jaribio likasimamishwa. Saa zikapimwa upya hapa bondeni, watu wakitazamwa kwa macho wanavyotembea, wanavyofuma, wanavyopiga muziki. Tena ikaamriwa kila mgonjwa aulizwe hali yake kwa mdomo.

Msimu wa mahindi, jaribio lilipoanza upya, saa ya jirani yetu Fortunato, naye mgonjwa wa moyo, ilionyesha kwamba ni mzima. Yeye akasema pumzi inamkata. Safari hii walimsikiliza, wakampeleka hospitali siku hiyohiyo. Yu hai. Mkewe aliniletea mahindi ya kuchemsha. Nilimshukuru, nikafunga mlango.

Mimi pia niliumwa na mdudu yule, na moyo wangu umeanza kutanuka. Jaribio linaendelea. Kama dawa inafaa, bado haijulikani.