Siku Miwani Yake Ilipokuwa Kwangu

"Saini hii ni ya nani?"

Sindano aliibandika karatasi kwenye kioo cha kaunta, juu ya fremu nilizokuwa nimezipanga. Salamu hakuna. Mteja niliyekuwa nampima macho akageuka na ile fremu ya majaribio puani, akabaki anatukodolea.

"Nakuuliza wewe! Saini hii ni ya nani?"

Nikaitazama. Ilikuwa yangu. Ule mkia wangu wa kujidai mwishoni hauna mwenzake.

"Ni yangu. Kwani kuna nini, mpenzi?"

"Mpenzi wako nani? Soma huko juu!"

Nikasoma. Mchumba wangu, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Sindano kwa ajili ya kazi yake, na mimi namwita hivyo kwa ajili ya mdomo wake, alikuwa amemwachia dada yake mkubwa duka alilorithi kwa mama yao. Duka na vyerehani vyote vitatu! Dada naye angegharimia harusi yetu. Chini kabisa imeandikwa: "Nimesaini kwa hiari yangu, baada ya kuusoma mkataba huu na kuuelewa." Saini yake ipo. Halafu shahidi: mimi.

"Duka la mama kwa sherehe ya siku moja?" Akaigonga karatasi kwa kidole. "Asubuhi hii seremala kaja kupima kuta. Ananiambia nipishe, eti mwenye duka mpya anataka mashelfu ya viatu. Nikadhani kapotea mtaa! Ndipo akanitolea hii, nakala aliyopewa na dada."

"Haki ya Mungu, sijui chochote."

"Hujui, na umeshuhudia?"

Hapo nikakumbuka. Shemeji, huyo dada yake, alikuja na rundo la karatasi wakati nachonga lenzi. Akaniambia, "Shemeji, wenye ukumbi wanataka saini ya bwana harusi, hapa na hapa na hapa, fanya haraka nimeacha mtu kwenye gari." Nikasaini juu ya goti. Mimi, mtu ninayekula kwa kuwawezesha wenzangu kusoma, sikusoma hata mstari mmoja. Jamani, ujinga mwingine hauna dawa!

"Aliniambia ni fomu za ukumbi," nikasema.

"Na mimi aliniambia ni ruhusa ya kuezeka paa upya. Alinisomea mwenyewe. Mabati, mbao, mafundi, vyote alivisoma. Ningemtilia shaka vipi mtu aliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule?"

"Sasa kwa nini hukusoma mwenyewe?"

"Ningesoma na nini? Miwani si ilikuwa kwako!"

Akavua pete, akaiweka juu ya kaunta.

"Kaa nayo mpaka nijue nani kaniuza. Na kama ni nyinyi wawili, Mungu anawaona."

Akatoka. Mteja wangu akakohoa kidogo.

"Fundi, hizi herufi niendelee nazo au nije kesho?"

"Kesho, mzee wangu. Leo kipofu ni mimi."

Kila miwani inayoingia kwangu ina kadi yake: tarehe, aliyeileta, ubovu wake. Nikalipekua sanduku zima. Nilipoipata ya Sindano nikaisoma, nikairudia, nikakaa sakafuni. Sikuamini nilichokuwa nimekiandika kwa mkono wangu.

Nikamtumia ujumbe: "Kesho saa nne, kwa wakili. Mwite na dada. Uje na miwani yako."

Akajibu: "Na wewe uje na ukweli wako."

Wakili alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Shemeji aliingia amependeza, mkoba kwapani, wala hana wasiwasi.

"Mambo ya familia mnayaleta kwa wakili? Mnanitia aibu. Mkataba upo, saini ipo, shahidi huyo hapo. Mnataka nini tena?"

Sindano akamsogezea karatasi.

"Nisomee, dada."

"Nini?"

"Nisomee kama ulivyonisomea siku ile. Yale ya paa. Ila leo nimevaa miwani."

Dada akaishika karatasi. Akaipindua upande wa pili, akairudisha.

"Paa silioni humu," wakili akasema.

"Alijua!" dada akafoka. "Sasa anajitia kusahau. Si imeandikwa hapo, 'baada ya kuusoma'?"

Nikaweka kadi yangu mezani.

"Tarehe ya mkataba na tarehe ya kadi hii ni moja. Siku hiyo nzima miwani yake ilikuwa kwangu. Bila miwani huyu hatofautishi mlango na kabati. Na aliyeileta ni wewe, shemeji. Ukaniambia isitoke kabla ya kesho yake."

"Ilivunjika! Kumsaidia mdogo wangu imekuwa kosa?"

"Haikuvunjika. Soma nilivyoandika, kabla sijajua lolote: 'Skrubu haipo, tundu ni zima.' Skrubu ikikatika huacha kipande ndani. Hii ilifunguliwa kwa bisibisi."

Sindano akamgeukia dada yake polepole.

"Ulinifungulia miwani?"

Dada akaukumbatia mkoba wake.

"Nilikuwa nimelala, dada. Ulinitazama nimelala, ukachukua bisibisi ya cherehani ya mama, ukanifungulia macho yangu?"

"Nimekulea mimi!" Dada akalipuka, machozi yakimtoka. "Mama kafa, nikaacha shule ili wewe usome! Halafu duka anakuachia wewe. Mimi kaniachia nini? Pole?"

"Ungeniomba. Ungeniomba tu, ningekupa nusu."

Dada akajifunika uso kwa mkoba.

"Kukubaliana ni watu wawili kulitaka jambo moja," wakili akasema. "Huyu kakubali paa, wewe umeandika duka. Na hata angesoma, aliyekulea akikwambia saini, unamkatalia kwa mdomo gani? Sheria inalijua hilo pia. Hiari haipo hapa, na anaweza kuuvunja mkataba huu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, shahidi wa usichokiona?"

"Nitaandika ukweli, mama. Kwamba sikuwepo aliposaini."

"Mjini watakucheka."

"Wacha wacheke."

Tulipokuwa tunashuka ngazi nikatoa pete mfukoni. Sindano akaurudisha mkono wangu.

"Bado. Kuna jambo hulijui. Siku uliyokuja kunichumbia, nilikaa na dada. Aliniminya paja chini ya meza. Ndipo nikasema ndiyo."

Nikairudisha pete mfukoni.

"Kwa hiyo hunipendi?"

"Sijui. Sijawahi kuulizwa nikiwa peke yangu."

"Basi nikuulize sasa."

"Sasa nina hasira. Nitakuja mwenyewe. Nisipokuja, usinifuate."

Wiki tatu nzima sikumpigia. Nilijua nikimpigia nitabembeleza, na nikibembeleza nitakuwa namminya paja kwa njia yangu. Nilisikia tu mkataba umevunjwa, na kwamba cherehani kimoja amembebea dada yake hadi mlangoni, bila karatasi yoyote.

Jumamosi moja mchana mlango ukafunguliwa. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua miwani, akaniwekea mkononi.

"Skrubu imelegea."

Nikaikaza. Bisibisi ikanidondoka mara mbili.

"Haya, niulize," akasema.

"Vaa kwanza. Uone nani anakuuliza."

Nikamvisha. Akanitazama, kisha akageuza shingo akakagua duka zima, mpaka nyuma ya pazia.

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo."

"Nani kakuminya?"

"Hakuna mtu humu," akasema, akaninyooshea kidole chake cha pete.