Mgonjwa wa Kiti cha Kumi na Moja

"Mzigo umepanda basi."

Sauti ya Théodore, mkuu wake aliyeko Lubumbashi, ilikatika kwenye simu, kisha ikarudi.

"Basi gani, chef?"

"Neema Express. Saa tisa ule muntu anapanda ndege ya Kinshasa. Umusimamishe mu péage, pale banalipia barabara. Na Jaël, usimuguse."

Jaël, askari wa kikosi cha kuzuia magonjwa, alikuwa tayari juu ya pikipiki mjini Likasi. Kiunoni alikuwa na bastola ya Browning. Mfukoni, kipima joto chenye umbo la bastola ndogo.

Mzigo huo ulikuwa Michée, mchimbaji wa mgodi wa Kamatanda, mwenye homa ya kutoka damu. Wenzake watatu walikuwa wamezikwa kimyakimya. Hervé, mnunuzi wa madini yao, alijua serikali ikisikia itafunga mashimo. Akanunua cheti cha afya cha uongo, akamtuma mgonjwa akafie mbali.

Zamani mtu kama huyo angetembea kutwa nzima na kuishia kijiji cha pili. Leo lami ingemfikisha Lubumbashi adhuhuri, na ndege ingemfikisha Kinshasa kabla jua halijazama.

Basi lilikuwa limesimama kwenye kizuizi cha péage, likingoja zamu.

Jaël alivaa barakoa na glavu. Akapanda.

Abiria thelathini na saba. Kwenye kiti cha kumi na moja alikuwepo Michée, kitambaa chenye damu puani. Kando yake, Guy, mtu wa Hervé.

Kipima joto kikawaka: 39.9.

"Shuka, mama," Guy alinong'ona. "Ukitaja jina ya ile maladi, bote batakimbia. Utabakamata na mikono ngapi?"

Nje, pikipiki zaidi ya ishirini zilinguruma zikitafuta wateja. Guy alisema kweli. Neno moja tu, na watu hao wangetawanyika Kambove, Kakanda, mjini kote.

Browning haikuwa na kazi hapa.

Ndipo mama mmoja mnene, Mama Fidélie, aliposimama.

"Bandugu, huyu mutoto iko mugonjwa. Tutaendelea na safari namna gani bila kumuwekea mikono na kumuombea?"

Watu wakainuka. Mikono ikanyooka kuelekea kiti cha kumi na moja.

Jaël alilelewa chini ya mikono kama hiyo. Leo ilimtisha kuliko risasi. Bwana, nipe neno, aliomba moyoni.

"Mama," alisema, "mikono juu, kwa Mungu. Tusiguse muntu. Na tushuke, tuombee mule mu hangar. Hapa ni pafinyu."

Mama Fidélie alimpima kwa macho.

"Weye unasali wapi?"

"Kikula, mu kanisa ya mama yangu."

"Basi anzisha wimbo."

Jaël akaanza.

"Unaimba kama mbuzi," mama yule alisema. "Lakini tutakufuata."

Wakashuka mmoja mmoja, wote isipokuwa Michée na Guy, mikono juu, hadi ndani ya hangar, banda kubwa la kupimia malori. Polisi wa kizuizi akasimama mlangoni.

Jaël alirudi mbio. Guy alikuwa akishuka kwa mlango wa nyuma. Akamwelekezea kipima joto usoni.

Guy akacheka. "Unanitisha na kitu ya kupima bébé?"

"Soma."

38.7.

Kicheko kikafa.

"Nililala naye chumba moja," Guy alisema polepole. "Siku mbili."

"Hervé iko wapi?"

"Aéroport. Iko na billet ya ndege ya Michée."

Jaël alimpigia simu Théodore. Akamwekea Michée chupa ya maji karibu na mkono, akakaa mbali kidogo akimlinda Guy, ambaye hakukimbia tena.

Simu ikalia.

"Hervé tuko naye," alisema Théodore. "Baganga ba hôpital beko njiani. Weye rudi Likasi."

"Nimepanda ile basi, chef. Nitabaki na bale bengine."

Akakata simu.

Madaktari walipofika na kuwachukua Michée na Guy, Jaël aliifungia Browning kwenye sanduku la pikipiki, akatembea bila haraka hadi hangar. Akaingia, akafunga mlango kutoka ndani.

Nyimbo zikakoma.

"Sasa tuambie, mutoto yangu," alisema Mama Fidélie. "Ile maladi inaitwa nini?"

Jaël akawaambia.